Mikeka Tisa ya Kumfichia Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1974

Teresina, huna haya. Amani imerudi mwaka wa pili huu. Mimi nimesharudi Juba, nimepanda bamia, nimechuma, nimepanda tena, na wewe bado umekaa Arua kama mzigo uliosahauliwa na lori. Dada yangu wa tumbo moja! Daftari hili ni lako. Shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na katekista kule kambini Uganda, kwa mkaa juu ya mlango, kwa hiyo ukikuta kosa kamwulize yeye. Naandika Kiswahili cha Uganda kusudi jirani yangu Natalina asisome. Yeye hakukimbia vita, alibaki hapa, na kila siku ananikumbusha.

Salamu zako zimefika kwa Taban wa lori. Kwamba unakuja Jumamosi kutazama, unalala siku moja tu. Kwamba Juba hakuna cha kufanya, cha kula wala cha kunywa. Kwamba ukikuta ni kweli, utazeekea Arua na kuzikwa huko huko. Umesema hivyo kwa dereva! Na yeye akayasema mbele ya watu.

Nimeenda moja kwa moja kwa Sista Lupe, anayetufundisha kushona kanisani. Kwao ni Meksiko, kijiji cha pwani. Alinionyesha picha. Mchanga, maji, watu wamelala mchana ndani ya nyavu zilizofungwa kwenye miti. Nikauliza wanaumwa nini. Akasema hawaumwi, wanapumzika. Nikauliza wamechoka na kazi gani. Akacheka. Nikauliza wanakula nini: samaki mbichi kwa ndimu na pilipili. Mbichi! Wanakunywa nini: maji mekundu ya ua lililokaushwa. Akanionyesha hilo ua. Teresina, ni karkade. Karkade yetu hii hii, imevuka bahari bila kuniaga.

Nimerudi nikihesabu. Mto umepungua, mchanga upo hapa mtaani kwetu, Juba na Bari. Ua lipo. Samaki yupo. Kinachokosekana ni kulala tu. Basi pwani yako naitengeneza kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 5 Machi

Lodu mvuvi amenipa wavu uliochakaa. Nimeufunga kati ya miarobaini miwili pale ukingoni. Nimeingia. Raha, nakwambia! Mgongo wote unashikwa kama mkate ndani ya kitambaa.

Kutoka kumeshindikana.

Wapita njia walisimama kuuliza naumwa wapi. Wawili walishaanza kufungua kamba upande mmoja wanibebe kwenda hospitali. Niliwafukuza kwa kiatu. Natalina, anayekaanga samaki pale pale wanapotua wavuvi, alikuja kutazama akiwa na mwiko mkononi. Akasema waliokwenda Uganda wamerudi wamesahau hata kukaa chini. Nikamwambia aliyebaki hakujifunza jipya. Akaniacha humo mpaka mafuta yake yalipopoa, ndipo akanivuta mguu.

Jumatano, 6 Machi

Samaki mbichi. Nimekata vipande, nimekamua ndimu kumi na moja, nimekaa kuangalia. Sikuondoka. Polepole nyama ikageuka nyeupe kama iliyochemshwa, na moto hakuna! Niliweka mkono chini ya bakuli kuhakikisha. Baridi. Umri wote huu nabeba kuni kichwani na hakuna aliyeniambia.

Nimewaita majirani. Walitazama, wakanipa pole. Lodu akasema amevua miaka thelathini na hajawahi kula samaki anayeweza bado kumjibu. Nimekula peke yangu, kipande kimoja kwa ajili ya ujuzi. Kisha kingine. Kisha bakuli. Tumbo limetulia. Nashangaa sana.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeijaribu pwani kabla hujaja. Walikuja watu wanane. Karkade ilinywewa. Mzee mmoja wa mtaa wa Hai Malakal aliweka miguu majini akasinzia. Mimi nilikuwa ndani ya wavu, mwenye mji, nikitoa amri.

Ndipo Mogga akateremka. Mume wa binti yangu Helen! Unajua mwenyewe: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja. Kila siku akiniona njiani anaingia kichakani na mimi nageukia ukuta, tunaheshimiana vizuri. Leo kichaka hakuna. Mchanga mtupu. Nikataka kukimbia, wavu ukanishika. Nikajifunika shuka kichwani. Naye maskini, kwa heshima, akageuka akaingia mtoni na viatu vyake, akasimama maji yakimfika kifuani, akiangalia ng'ambo.

Si yeye tu. Mzee wa Hai Malakal alizinduka akamwona mama wa mke wake na kikombe mkononi. Alipanda ukingo kwa mikono na miguu. Mtu wa tatu alikimbia mkwe ambaye hata hakuwepo, kwa kubahatisha. Sisi watu wa Bari sote tumeoana! Hapakubaki mtu, ila Mogga mtoni. Ilibidi Lodu amwambie nimeshaondoka.

Jioni nimemwuliza Sista kama kwao hakuna wakwe. Akasema wapo, na kila Jumapili wanakuja wote pwani pamoja, na masufuria yao. Nilimhurumia. Sasa naelewa kwa nini aliingia utawa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata akili. Mikeka! Nimeazima tisa, mitatu ya kanisani. Nimesimamisha kwa miti, kila mgeni chumba chake. Heshima imelindwa, mtu anakula bila kuonana na ukoo.

Kweli joto limezidi kidogo. Kweli upepo haupiti. Mtu mmoja aliuliza mto uko upande gani. Nikamwambia asikilize.

Ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama hakuna, nikajua leo samaki wangu ataliwa. Natalina akapitisha samaki wake wa kukaanga juu ya mikeka, amewachomeka kwenye fimbo ndefu. Vyumba vyote vikaagiza. Harufu ile, Teresina. Hata mimi nilinyoosha mkono, kwa ajili ya ujuzi.

Silali vizuri. Kesho unakuja. Kitanda cha pili nimekitandika tangu Krismasi iliyopita, na kila asubuhi nakitandua na kukitandika tena kama kuna mtu alilala.

Jumamosi, 9 Machi

Umekuja. Umekonda. Ulishuka kwenye lori umejaa vumbi jekundu, ukasema kwanza kwamba nimezeeka. Nikakupeleka pwani kabla hujanawa.

Chumba cha kwanza, mkeka wa kanisani. Nikakupa samaki wa ndimu. Ukaniuliza kama kuni zimeniishia. Nikakupa karkade, ukanywa, ukasema kumbe. Kisha ukakaa. Ukautazama mkeka. Mkeka nao ukakutazama. Baada ya muda ukauliza ndiyo hii pwani yenyewe, na lori la Taban linaondoka saa ngapi.

 Nikaingia kwenye wavu ili usinione uso.

Upepo ukaja kutoka ng'ambo. Mara moja tu, kama mtu anayefungua mlango. Mikeka yote tisa chini! Na pale, chumba cha pili, hatua tatu kutoka kwetu: Mogga, kichwa cha samaki kinywani, ananitazama mimi na wewe. Mama wakwe wawili kwa mpigo. Mtoni hapakufikika, tulikuwa katikati.

Ulirukia wavu wangu. Sijui ulivyoingia na miaka yako hiyo. Tukajifunika shuka moja. Wavu ukalalamika lakini ukashika. Na kule nje tukasikia Mogga anageuka kutupa mgongo, anamtoa yule samaki kinywani na kuanza kumpa maagizo, maana sisi haruhusiwi kutusemesha.

"Wewe samaki," akasema, "waambie mama zangu hapa ni pazuri, na waniwie radhi."

 Kisha nikahisi wavu unatikisika. Ni wewe. Nilidhani unalia. Ulikuwa unacheka, Teresina, umeuma shuka ukizuie kicheko, na hakikuzuilika. Shuka moja, kama kambini, mvua ikivuja, tulipokuwa tunamcheka katekista. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu tulipowazika waume zetu.

"Usinisukume," ukasema. "Wewe daima unachukua upande mpana."

Mogga alipoondoka, Natalina alikuja kutuvuta miguu, mmoja mmoja. Wewe ulitoka kwanza. Mkakaa ukingoni, wewe na yeye, miguu majini, mkala samaki wa kukaanga mpaka jua likazama nyuma ya mlima wa Jebel Kujur. Mlikuwa hamfanyi kitu chochote. Mimi nilikuwa bado nimekwama, kwa hiyo niliwatazama.

Jumapili, 10 Machi

Umeondoka na lori baada ya misa. Umesema utarudi kabla ya mvua, kukaa kabisa. Umesema utaleta kitanda chako mwenyewe, kwa sababu cha kwangu kinameza watu. Natalina amenishauri nimwachie samaki, mikeka niirudishe kanisani, niwaache watu wakae tu wautazame mto.

Nimefikiri njia nzima kutoka kituoni. Kilichokuvuta nakijua: ni mikeka. Tisa ilikuwa michache. Kesho naazima kumi na miwili zaidi na kuifunga kwa waya. Na ile picha ya Sista nimeitazama tena: kuna mtu amesimama juu ya ubao, katikati ya maji, anateleza. Lodu ana ubao wa mtumbwi wa zamani. Nimemwuliza Sista kama kwao kuna mamba. Ameenda kuchukua rozari.

Basi sikiliza. Ukija, usiteremke moja kwa moja kama ng'ombe. Simama juu ya ukingo, kohoa mara tatu kwa nguvu, wakwe wajifunike. Kisha shuka. Na ulete ndimu, zangu zimekwisha.