Nilivyomlilia Oluoch Akiwa Hai

Leo nimemlilia mtu aliye hai. Si kwa siri. Nimemlilia nyumbani kwao Awasi, mbele ya mama yake na wakwe wa dada yake, nikiwa nimevaa koti jeusi kwenye jua la saa sita. Nawaandikia jioni hii hii kabla hamjaisikia kwa wengine, maana watatia chumvi. (Hawana sababu. Imekolea vya kutosha.)

Oluoch mnamkumbuka. Kwa wale mliohama Kisumu zamani, ni yule mrefu mwenye sauti ya pole, fundi wa mitambo pale kiwandani, ambaye kila Jumamosi tulicheza naye drafti ya vizibo vya soda kule Nyalenda. Kiwanda kilipopunguza watu, yeye alikuwa mmoja wao. Jumamosi ile alikuja kama kawaida, akacheza, akashindwa, akacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Nilikwenda kwake nikakuta kufuli mlangoni. Mwenye nyumba akaniambia amerudi kwao na godoro lake.

Hakuniaga. Hilo ndilo lililoniumiza.

Mnajua kazi yangu: napelekea gazeti moja la Nairobi habari za huku ziwani. Naona vitu, navipanga, natoa maana. Ubaya wake ni kwamba kichwa hakijui saa ya kufunga ofisi. Tangu mwaka jana kinapanga hata mambo ambayo hayajatokea. Mtoto wangu akikohoa mara mbili, mimi nimeshachagua wabeba jeneza. Mhariri akichelewa kunijibu, nimeshafukuzwa, nimeshahama nyumba, nimeshakufa maskini. Usingizi umekuwa mgeni. Sikumwambia mke wangu, nisimtie hofu. Sikuwaambia ninyi, mngenicheka. Nilimwambia Oluoch peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, omera." Omera kwetu ni ndugu yangu. Na hilo lilitosha.

Kwa hiyo Oluoch aliponyamaza, kichwa changu kilianza kazi. Mtu mwingine angemtuma msafiri wa Awasi akamwulizie. Mimi nilikaa nikapanga ushahidi. Amepoteza kazi. Amecheka wiki aliyopoteza kazi. Ameondoka bila kuaga. Kufikia jana nilikuwa na hakika kwamba Oluoch amejitoa uhai. Leo asubuhi nikavaa koti jeusi. Nilijiambia ni kwa ajili ya mvua. (Hakukuwa na wingu kutoka Kisumu hadi Kericho.)

Nilishuka Awasi. Jambo la kwanza kuona ni akina mama watatu wamebeba viti vya kanisa vichwani, wanashika njia ile ile ya kwenda kwa kina Oluoch.

Kando ya njia palikuwa na mama muuza nyanya. Nisikilizeni vizuri hapa. Mama huyu anaishi pale. Anajua kila kitu cha pale. Ningemwuliza tu, "Kuna nini kwa kina Oluoch?" mambo yote yangeishia hapo. Mimi, ambaye nalipwa kuuliza maswali, nilimsalimu, nikasema jua ni kali, nikanunua nyanya. Sikuuliza. Mtu anayeogopa jibu hafungui mdomo kuuliza. Nikaendelea na safari nikiwa na mfuko wa nyanya mkononi, naenda matangani.

Kutoka barabarani niliuona ua wa minyaa wa boma lao, na juu yake turubai la buluu. Nikasogea. Chini ya turubai, wazee wamekaa safu mbili, wanatazamana, hawasemi. Nyuma yao ng'ombe wamefungwa kwenye mti. Jikoni moshi wa sufuria kubwa. Turubai, viti vya kanisa, ng'ombe, wazee walio kimya. Niambieni, ninyi mngesema nini?

(Mngesema ni ayie. Najua. Siku ambayo upande wa mwanamume huja na mahari kumwomba mama wa binti akubali. Ayie nayo huwa na turubai, na viti, na ng'ombe, na wazee hukaa kimya mpaka mshenga aanze. Hilo nimelikumbuka nikiwa nimechelewa sana.)

Sasa, kwetu mtu haingii nyumba ya msiba kama anayeingia dukani. Unaanza kulia ukiwa langoni. Unamwita marehemu kwa jina, unamwuliza kwa nini amekuacha, unamwambia yale aliyokufanyia, kwa sauti, ili wote wajue mlikuwa nini. Rafiki akiingia macho makavu, atasemwa mpaka wajukuu.

Nikaingia langoni mbio, mikono juu ya kichwa, mfuko wa nyanya ukipepea.

"Oluoch! Oluoch omera, umeniacha na nani?"

Wazee wote waligeuka. Nilidhani wameguswa. Nikaongeza.

Nililia kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua silali. Nililia kwamba moyo wangu unadunda usiku kama mashine ya kusaga posho na sasa nitamwambia nani. Nililia kwamba naogopa kila kitu, naogopa barua, naogopa kubishiwa hodi, naogopa hata Jumatatu, na kwamba ningejua na yeye anaumia ningekuja na godoro langu tulale chini wote. Yote niliyowaficha ninyi na mke wangu, leo wanayajua watu wa Awasi na wakwe waliotoka Bondo.

Kisha nikajitupa chini. (Nyanya hazikupona.)

Hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Akina mama waliokuwa jikoni walisikia mwanamume analia kifo. Kwetu kilio hakisubiri maelezo, ukisikia, unaitikia. Wakaitikia wote kwa pamoja. Lakini hawakujua aliyekufa ni nani, kwa hiyo kila mmoja alimlilia yule aliyekuwa akimhofia moyoni. Mmoja alitoka na mwiko mkononi akimlilia mumewe aliye Mombasa, hajaandika tangu Pasaka. Mwingine akamlilia binti yake mjamzito. Majirani wakaanza kuingia kupitia kwenye ua, wanalia, na wao hawajui wanamlilia nani.

Mama yake Oluoch alitoka wa mwisho. Alikuwa amevaa gauni jipya la ayie. Alijishika kiunoni kwa mikono miwili, akalia jina moja tu.

"Oluoch. Mwanangu Oluoch."

Naye Oluoch alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, amevaa tai, ameshika kreti ya soda.

Nimewahi kuona mengi katika kazi hii. Sijawahi kuona uso kama ule. Hakunitazama mimi niliyelala kwenye nyanya. Alimtazama mama yake. Aliweka kreti chini polepole, chupa zisigongane, akamwendea, akamshika bega.

"Mama, niko hapa."

Mama aligeuka, akamgusa uso, akamgusa kifua. Hakunyamaza. Alizidi kulia, lakini kilio kilikuwa kingine.

Wengine wakanyamaza mmoja mmoja. Yule wa mwiko akarudi jikoni, mboga ilikuwa inaungua. Pale chini ya turubai wakwe walikuwa wameshasimama, mzee mmoja ameshavaa kofia yake tayari kuondoka, kwa sababu mahari haizungumzwi penye msiba. Mshenga akauliza kwa heshima nani amefariki. Baba mdogo wa Oluoch, mzee mkali mwenye fimbo, akajibu kwamba hakuna, isipokuwa huyu hapa kama hatajieleza haraka.

Nikajieleza. Nikiwa nimepiga magoti, mbegu za nyanya kwenye koti. Nilisema niliona turubai.

"Kwani turubai ni jeneza?" akauliza baba mdogo. "Wewe si ndiye wa gazeti?"

Nikakubali kwamba ndiye mimi.

"Sasa ndiyo najua kwa nini nikisoma sielewi."

Mtu mmoja akacheka upande wa wakwe. Nadhani ndiye aliyeokoa siku, maana mzee mwenye kofia aliivua tena, akaketi. Alisema wao walikuja kutafuta nyumba ya watu wanaopendana, na kama watu hawa wanamlilia hivi kijana anayebeba soda, basi mke wa mtoto wao ametoka mahali pazuri. Ila akaomba mimi nisikae karibu na ng'ombe. Akinyi, dada yake Oluoch, ambaye siku ilikuwa yake, aliniletea maji ya kunawa bila kunitazama. Nilistahili.

Ayie ikaendelea. Mimi na Oluoch tulikwenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi. Nilitegemea anitukane. Alikaa akichuna gome la kijiti.

"Nani alikwambia?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Nilijitungia mwenyewe, kama ninavyojitungia kila kitu.

"Hii moja hukujitungia."

Kisha akanieleza. Siwaandikii yote, ni yake. Lakini ameniruhusu kusema kwamba wiki ya kwanza baada ya kurudi hakuinuka kitandani. Kwamba alikuwa akiwaza wangekula vizuri zaidi bila yeye. Kwamba kuna asubuhi alitoka akaenda mbali, akakaa, akarudi, na mama yake alimwona akirudi na hakumwuliza kitu. Alidhani mama hajui. Leo ndipo alipojua, aliposikia jina lake kinywani mwa mama.

"Wote mlikuwa mnanililia," alisema, "na mimi nikipita hapo mnaniambia habari ya asubuhi."

Nikamwambia tu kwamba silali. Akasema amesikia, hata Bondo wamesikia. Hapo tukacheka, na mimi katikati ya kicheko nikalia tena, safari hii bila kelele.

Kuna daktari wa mambo haya katika hospitali moja mjini. Nilijua habari zake siku nyingi, nimewahi hata kupita mbele ya mlango wake nikijifanya natafuta choo. Tatizo ni benchi la kungojea: liko nje, na Kisumu nzima hupita pale. Ukionekana umekaa hapo, jioni umeshakuwa mwendawazimu. Nilimwambia Oluoch nitamsindikiza Jumatatu. Akasema hapana, hataki kusindikizwa, twende wote kama wagonjwa.

"Tukikaa wawili," alisema, "watashindwa kujua ni nani amemleta mwenzake."

Nimefika nyumbani nikamweleza mke wangu yote, pamoja na ya usiku. Alinisikiliza, akasema alijua, kwa kuwa ninapofikiri kitanda chote hutikisika. Ameloweka koti. Anasema doa halitatoka.

Basi mkitaka kucheka, chekeni, nimewaruhusu. Ila mmoja wenu akiwa analia kimoyomoyo jina la mtu fulani, tafadhali akamwulize leo. Ni swali dogo kuliko nyanya.

Wakati wa kuagana Oluoch alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema siku akifa kweli nisijisumbue kuja, kwa kuwa kilio changu nimeshakimaliza. Nimekubali, kwa sharti moja: yeye ndiye atakayenizika mimi.