Muziki wa Kupanga, Mimi Sitaki

Jumamosi, 2 Machi

Nimeamua. Miezi saba ya kusoma, kulinganisha na kugombana, na leo nimeamua. Muziki wote wa nyumba hii utakaa kwenye kompyuta kuukuu niliyoifunga diski mbili katika banda la nyuma. CD elfu moja na mia nne zimeshaingia. Zimebaki kanda. Kutoka bandani muziki utasikika jikoni, sebuleni, hata chooni. Hakuna kampuni itakayonipangisha nyimbo zangu mwenyewe!

Kelvin, mume wa dada yangu Rita, amepita kula chakula cha mchana ambacho hakualikwa. Yeye hulipia muziki kila mwezi. Ana kispika cha ukubwa wa chungwa: anakiambia cheza, kinacheza. Amekiweka juu ya meza yetu bila ruhusa, akakiamuru kipige kitu cha kunituliza. Kikatii. Nikamweleza kwa upole kwamba himaya nyingi za kale zilianguka kwa sababu watu wake waliridhika na vya kuazima. Akasema, "Shemeji Reno, changu kinapiga. Chako kinatafuta waya."

Doris akacheka. Mke wangu mwenyewe! Nimeliandika hilo, lisisahaulike.

Jumapili, 3 Machi

Wiki ijayo siku kama ya leo Mama anatimiza miaka themanini. Nimemuuliza anataka zawadi gani. Akasema hataki zawadi, anataka kumsikia Salvu.

Salvu ni baba yangu. Alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Ipo kanda moja tu, ya mwaka 1981, iliyorekodiwa katika jiko la klabu yetu wahamiaji wa Kimalta hapa St Albans: nyimbo kumi na mbili na kodiani yake. Baada ya wimbo wa tatu anasikika akifoka, "Pawlina, funga mlango, upepo!" Pawlina ndiye Mama. Nyimbo hazimshughulishi sana. Anachosubiri ni kufokewa.

Nikamwahidi kwamba safari hii Baba atatoka kwenye spika sita kwa mpigo, bila ule mkwaruzo. Mama akasema mkwaruzo anaupenda. Nimemsamehe. Ana umri wake.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingiza kanda ya Baba. Saa nzima, mkono kwenye kitufe, kama daktari wa upasuaji. Safi kabisa! Kompyuta haikumtambua msanii, ikaandika "Hajulikani", na nyimbo ikaziita Wimbo 1 hadi Wimbo 12. Majina nitaweka baadaye.

Kwenye jukwaa la wapenda muziki mtandaoni nimetangaza ushindi. Mtu anayejiita Sikio la Dhahabu akaniuliza nakala ya akiba iko wapi. Nikamjibu: diski mbili, ya pili ni kioo cha ya kwanza, kila kinachoingia huku kinaingia kule. Akaandika kwamba kioo si akiba. Nikamjibu kwa aya tisa. Nilianzia kwenye maktaba zilizoungua za kale, nikamalizia na woga wake binafsi. Hajarudi. Kimya chake kinatosha kuwa hati ya kukubali kushindwa.

Jumanne, 5 Machi

Ni majira ya takataka kubwa. Mtaa mzima umetoa makochi na majokofu kwenye nyasi mbele ya nyumba. Lori la halmashauri litapita Jumatano ya wiki ijayo, na hadi hapo kila mpita njia ana haki ya kuokota anachokitaka. Ndiyo desturi, na ndiyo sheria pekee ya mji huu ninayoiheshimu.

Kelvin akapita kuangalia makochi. Akauliza, kama ninaliamini sana banda langu, mbona bado nimelala na maboksi ya CD chini ya kitanda?

Nilimwonyesha! Maboksi yote, nje. Santuri, nje. Deki ya kanda, nzito kama ng'ombe, nje. Kanda zote ndani ya boksi la viatu juu yake. Doris akasimama mlangoni akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika ni jina langu la pili. Akasema jina langu la pili ni Carmelo.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi hakuna kitu kwenye nyasi isipokuwa CD za kwaya ya shule. Watu wana masikio kumbe.

Ijumaa, 8 Machi

Maktaba ina faili elfu thelathini na moja. Fujo. Albamu moja mara tatu, wimbo mmoja mara tano. Mtu mwenye kanuni haishi hivyo. Nimepata programu inayosaka faili zinazojirudia na kuzifuta. Ikasaka dakika ishirini, ikauliza: faili 4,212 zimejirudia, nifute? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Mimi siulizwi mara mbili! Ndiyo! Kisha nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Raha iliyoje. Nafasi iliyopatikana nikaijaza papo hapo na mkusanyo wa bendi za tarumbeta.

Nikataka kumsikiliza Baba kidogo.

Baba hayupo.

Programu ile ilimwona msanii aitwaye Hajulikani, mwenye Wimbo 1, Wimbo 2, Wimbo 3. Katika CD zangu wamo Wasiojulikana mia na zaidi, wote wana Wimbo 1. Ikabakiza mmoja wao, ikawafuta wengine. Aliyebaki ni mtu anayefundisha kupumua kwa tumbo.

Nikakimbilia diski ya pili. Kioo! Kioo kimefanya kazi yake kwa uaminifu wote. Kilichofutwa huku kimefutwa na kule.

Nikajisajili jukwaani kwa jina jipya, nikaeleza kwamba rafiki yangu mmoja, mtu mwenye akili sana, amepatwa na mkasa huu. Sikio la Dhahabu akajibu baada ya dakika mbili: mwambie asiandike kitu kingine chochote juu ya diski hizo, vilivyofutwa huenda vikaokolewa. Nikazikumbuka bendi za tarumbeta. Halafu akaongeza: "Pole sana, Reno."

Jumamosi, 9 Machi

Nimezunguka mitaa kumi na moja kwa gari, mwendo wa konokono, nikichungulia takataka za watu. Mwanamke mmoja akanipa taa ya mezani kwa huruma. Nimempigia Kelvin nikamtuhumu kuiba kanda. Akasema yeye hana hata kitu cha kuichezea, kisha akataka kujua ni kanda gani. Nikakata simu.

Mama ameshachagua gauni la kesho. Aliniuliza kama nimemtayarisha Salvu. Nikasema yuko tayari.

Basi nina mpango. Nimejifungia bandani na simu na kodiani ya Baba. Damu yangu ni damu yake, koo langu ni koo lake. Nimerekodi nyimbo tatu, na baada ya wimbo wa tatu nikafoka, "Pawlina, funga mlango, upepo!" Hata mkwaruzo nimeuweka, kwa kusugua mfuko wa chipsi. Doris akagonga banda, akauliza kama kuna mbuzi amebanwa. Wivu.

Jumapili, 10 Machi

Niandike upesi kabla Kelvin hajaanza kuhadithia mtaa mzima.

Watu ishirini na watatu uani, pastizzi za moto, sambusa zetu za jibini, Mama kwenye kiti cha mbele na gauni lake la buluu. Nilitoa hotuba fupi, dakika kumi na nne, juu ya kumiliki na kuazima. Kelvin alikuwa amekaa na kale kachungwa kake mfukoni. Nikabonyeza.

Spika sita. Nyimbo tatu. Mama alikaa ameinamisha kichwa. Ikafika sehemu yenyewe: "Pawlina, funga mlango, upepo!" Mama akainua kichwa polepole. Akasema kwa sauti iliyofika hadi getini: "Huyu si Salvu. Huyu ni Reno, na ana mafua."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililouma. Mama akaniuliza, "Mwanangu, baba yako yuko wapi?" Na mimi, mtu wa aya tisa, nikaanza kukagua waya za spika.

Ndipo kodiani ikaanza upande wa pili wa uzio. Mkwaruzo wake. Sauti ya Baba. Jirani yetu, Mzee Thuan, alikuwa anamwagilia mboga zake huku deki yangu inapiga juu ya kigoda cha mbao, imefutwa vumbi, imefungwa mkanda mpya wa kuzungushia kanda. Haelewi Kimalta hata neno moja. Tulisimama wote, sahani mikononi. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Halafu:

"Pawlina, funga mlango, upepo!"

Mama akajibu, taratibu, kama mtu aliyeko chumba cha pili: "Nimeshafunga, Salvu."

Rita akalia. Doris akalia. Mimi vumbi liliniingia machoni, hapa kwetu mwezi wa tatu ni mkavu.

Mzee Thuan aliletwa, akaketishwa karibu na Mama, akapewa pastizzi sita. Akasema aliokota deki Jumanne ile ile, nilipogeuza tu mgongo, na kwamba huyo mwimbaji ni mzuri ila anaonekana hana subira. Mama akasema, "Hakuwa nayo hata chembe." Kelvin aliinuka akaja kwangu. Alinipigapiga bega. Sitamsamehe.

Jumanne, 12 Machi

Nimetuma barua kwa gazeti la mtaa, maneno mia nane, nikionyesha jinsi tukio la Jumapili lilivyothibitisha hoja yangu yote: angekuwa Baba ni wa kupanga kwenye kispika cha Kelvin, nani angemwokota kwenye nyasi?

Mzee Thuan amerudisha deki na kanda, hataki shukrani. Mama aliiweka kanda chini ya mto. Nimemwomba aniazime saa moja tu. Akaitoa, akanipa, akasema anahesabu dakika.

Makosa ya zamani nimeyatazama usoni na kuyarekebisha. Nimenunua diski ya tatu. Vioo viwili sasa! Sikio la Dhahabu ameandika kwamba vioo viwili bado ni vioo. Nimemjibu kwa aya kumi na tano. Baba ameingia vizuri, Wimbo 1 hadi 12. Majina nitaweka Jumapili.

Kesho asubuhi lori linapita. Deki imejaza korido nzima, Doris amejigonga goti mara mbili. Nimeirudisha kwenye nyasi. Kanda imo humo humo ndani, sikuona sababu ya kuitoa: Baba sasa yupo mara tatu.

Ajabu moja. Mzee Thuan ameleta toroli lake, ameliegesha kwenye ukuta wetu, amekaa juu yake na chupa ya chai. Sijui anasubiri nini.