Kiti cha Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Juni 1976

Leo saa mbili na dakika ishirini asubuhi nimepoteza kiti cha kumi na mbili. Kusema kweli nimeporwa. Mporaji ni Evaristi, dresa mwenzangu wa kufunga vidonda pale zahanati. Silaha yake: kengele ya baiskeli.

Kiti chenyewe ni cha masomo ya kiangazi pale misheni, Kasulu. Kemia, Fizikia, Baiolojia. Wiki sita. Viti kumi na viwili, basi. Asiyepita hapo hafanyi mtihani wa kuingia shule ya waganga wasaidizi, na shule hiyo haichukui mtu aliyetimiza miaka thelathini. Mimi nina ishirini na tisa na miezi minane. Mwaka huu au nife dresa.

Nilitoka nyumbani saa moja kamili. Hatua elfu tatu, nusu saa. Lakini tangu Operesheni ya vijiji ituteremshe vilimani na kutupanga mistari miwili kando ya barabara, kila mzee anakaa mlangoni kwake anaitazama njia. Zamani migomba ilikuficha. Sasa ni wazee ishirini na watatu, na kila mmoja anataka salamu yake kamili: Mwakeye, kuinama, makofi, watoto, mbuzi, mama mkwe. Dakika tatu kwa mzee. Dakika sitini na tisa! Evaristi alinipita nikiwa kwa Bibi Esteri, nimeinama. Kring, kring, mkono mmoja hewani, huyo. Nilipofika misheni, jina lake lilikuwa limeshaandikwa, la kumi na mbili.

Kinachoniuma zaidi: sikuwa hata nimeamua kwamba nakitaka. Nilikuwa nakwenda kusema nitafikiri. Masomo yenyewe magumu, na mimi niliishia darasa la nane; mengine yote nimejifundisha kwa kusoma karatasi za ndani ya maboksi ya dawa. Sasa kimekwenda, nakitaka mno.

Mwalimu Niyitegeka, msimamizi wa masomo hayo, aliyefundisha sayansi kwao Burundi kabla ya kukimbilia huku mwaka wa sabini na mbili, hakunifukuza. Alisema kila aliyejiandikisha lazima arudi Jumamosi kabla ya saa sita mchana aseme ndiyo kwa kinywa chake. Asiyetokea, kiti chake ni changu. Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nataka au sitaki. Nikamjibu kwamba jambo hili lina pande mbili. Akaandika jina langu pembeni, kwa penseli.

Penseli!

Jumanne, 8 Juni

Mke wangu Siti anasema, "Baba Kudra, mtu akiulizwa kama anataka uji, hasemi uji una pande mbili." Siti hajui hesabu. Siku thelathini na sita kwa saa saba ni saa mia mbili hamsini na mbili za kutoelewa.

Hata hivyo, mpango wa kwanza: kumtisha Evaristi ajitoe. Nimeazima misheni kitabu cha Kemia, nikatafuta ukurasa mbaya kuliko yote nimwonyeshe. Nimeupata. Ni jedwali la vitu vyote vya asili ambavyo dunia imeumbwa navyo.

Ni mia moja na vitatu tu.

Nimehesabu mara mbili. Mlima, Mto Malagarasi, nyota, mbuzi wa Bibi Esteri, mimi: mia moja na vitatu! Vijiti vya kiberiti ndani ya kasha moja havitofautiani sana na idadi hiyo. Nimeutazama ugali muda mrefu hata mboga ikapoa. Siti akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia kwamba ndani ya ugali mna makaa yale yale ya jikoni. Akausogeza upande wake.

Jioni nikampelekea Evaristi ukurasa ule. Hakutishika. Alitafuta chuma, namba ishirini na sita, akatoka nje kuipapasa baiskeli yake kama mtu aliyeambiwa ana ndugu mkubwa serikalini. "Asante, Kaka Gharibu! Nilikuwa nasitasita. Sasa siachi hata nikifungwa kamba."

Mpango wa kwanza umekufa.

Jumatano, 9 Juni

Nimeamua kwenda kumwona Mwalimu mapema, kabla ya kazi, nimweleze kwamba penseli inafutika. Kuwakwepa wazee ishirini na watatu nilipanda njia ya zamani, kwenye mahame yetu, ambako hakuna mtu tangu Operesheni.

Wako wazee tisa! Wamerudi kinyemela kupalilia migomba yao ya zamani, na mtu akikutwa mahali asipotakiwa kuwapo, salamu yake haina mwisho. Waliniuliza hali ya ng'ombe ambao sijawahi kuwa nao. Mzee Ndihokubwayo, ambaye ndiye mkuu wa baraza la wazee na ndiye aliyetusomea amri ya kutorudi huku, alinishika mkono dakika ishirini peke yake. Jumla kwa wote tisa: dakika sitini na tisa kamili. Sijui dunia inahesabu kwa kitabu gani.

Lakini hayo yamepita. Nieleze lililotokea misheni.

Mwalimu alikuwa anafungua sanduku la hadubini. Hakuuliza kuhusu penseli. Alichukua tone moja la maji ya kijito chetu, akaliweka juu ya kioo, akaniambia niangalie kwa jicho moja.

Walikuwamo. Wengi, hai, angavu kama kioo chenyewe. Mmoja alikuwa na nywele pande zote, anazipiga kasia. Mwingine alijikunja, akajikunjua, akageuka kana kwamba ameitwa jina. Nilianza kuhesabu. Nikafika arobaini na moja, wakahama. Tone moja! Nami nimeteka ndoo ngapi?

Nilipozinduka nilikuwa nimeinama, napiga makofi taratibu, mikono imekunjwa kidogo, kama mtu aliyefika mbele ya mzee asiyemfahamu.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Bon, vyema. Mimi siku ya kwanza nilivua kofia."

Alhamisi, 10 Juni

Rosa, mkulima wa maharage, amekuja kufungwa kidonda cha mguuni. Mwezi wa tatu sasa hakifungi. Miaka tisa ninaosha vidonda, na siku kuni zinapokosekana, maji ya kijito hutumika hivyo hivyo. Yanaonekana safi. Yanaonekana!

Leo nimeyachemsha dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Rosa akauliza, "Leo kuna mgeni gani, Bwana Dresa?" Nilikiosha kile kidonda kama ninayeomba radhi.

Nimeamua. Nakwenda. Saa mia mbili hamsini na mbili ni chache mno. Ningependa mia tano.

Ila kiti kina Evaristi juu yake. Mpango wa pili, basi, na huu ni wa hesabu. Nimepita kwa Bibi Esteri, nikamwuliza kwa huzuni kama kijana wa baiskeli humsalimu siku hizi. Bibi akasema humpigia kengele, kama mbuzi aliyesimama njiani. Nikamfanyia hesabu papo hapo. Baiskeli ina miezi kumi na minne. Siku ishirini na sita za kazi kila mwezi, kwenda na kurudi, wazee ishirini na watatu: salamu kumi na sita elfu mia saba arobaini na nne ambazo Evaristi hajatoa.

Bibi Esteri aliiachia fimbo ikaanguka.

Ijumaa, 11 Juni

Ushindi! Baraza la wazee limemwita Evaristi kesho saa tatu asubuhi. Mzee Ndihokubwayo amesikia tarakimu yangu akasema haijapata kusikika Buha yote. Kwa dakika tatu kila moja, nimewaonyesha, ni siku thelathini na tano bila kulala. Saa sita mchana itamkuta Evaristi ameinama. Mimi nitakuwa misheni.

Siti ameuliza kwa nini nisiende tu leo kumwambia Mwalimu ndiyo. Nimemweleza kwamba mambo yana utaratibu wake.

Jumamosi, 12 Juni, jioni

Baraza halisikilizi shauri bila mshtaki kuwapo. Nani angejua? Nimekalishwa mkeka wa mbele toka saa tatu.

Wazee kwa huruma wamempunguzia: salamu moja tu kwa kila mzee. Nami sikuweza kubisha, maana alizitoa vizuri, mshenzi yule! Makofi laini, mbuzi kwa majina yao. Bibi Esteri alilia. Walimbariki saa tano na robo. Mzee Ndihokubwayo akatamka kwamba mwenye safari ya masomo asicheleweshwe kwa kuaga. Evaristi akapanda baiskeli. "Tutaonana, Kaka! Asante kwa kunipatanisha na wazazi."

Mimi sikuwa na safari ya masomo iliyoandikwa mahali popote, ila kwa penseli. Nikaaga. Wazee ishirini na watatu, dakika mbili mbili. Nilifika misheni saa sita na dakika thelathini na moja.

Viti vyote kumi na viwili vimesema ndiyo.

Mwalimu alikuwa anafuta vioo vyake. Akaniambia nisimame hapo hapo. Hadubini haijali mtu amekalia nini, alisema. Nije Jumatatu saa mbili asubuhi na kigoda changu kutoka nyumbani, nikae karibu na dirisha, penye mwanga. Saa mbili kamili mlango unafungwa. Niseme ndiyo tu, sasa hivi.

Karibu na dirisha! Nikaona tena wale wenye nywele wakipiga kasia.

Halafu nikaona pia Evaristi kwenye kiti chenye egemeo, na mimi, miaka tisa kazini, kwenye kigoda cha jikoni.

Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Kuna jambo halijawa wazi, na mimi sipendi watu wasiosema wazi. Nimeandika barua, nitaipeleka mwenyewe Jumatatu. Nikitoka saa moja kamili, hatua elfu tatu, nusu saa. Nitabakiwa na nusu saa nzima ya kupumzika. Nimeinakili hapa:

"Mwalimu Niyitegeka, salamu. Je, kigoda changu kitahesabiwa kuwa kiti cha kumi na tatu, kwa wino, au hakitahesabiwa? Wiki nzima hii nimesumbuka kwa sababu ya watu wasiotoa jibu. Naomba jibu la moja kwa moja, ndiyo au hapana, bila pande mbili, kabla ya saa mbili kamili asubuhi ya leo. Wako, Gharibu Hilali, Dresa."