Chumba cha Baridi Namba Mbili Kitambuliwe Kuwa Ulaya

Nestory Shimba,
Mfanyakazi Na. 47,
Mwanza.

8 Agosti 1995

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Minofu ya Samaki,
Ilemela.

YAH: OMBI LA CHETI CHA KUTHIBITISHA KUWA MIMI NIPO ULAYA

Ndugu Meneja,

Habari za kazi, na habari za nyumbani. Kama mwandiko huu unapinda, tafadhali usidhani nimelewa. Nimetoka chumbani dakika tano zilizopita na kidole gumba bado hakijapata habari kwamba tumetoka.

Mimi ni yule kijana mrefu anayepanga katoni za minofu katika Chumba cha Baridi Namba Mbili. Huenda hunifahamu kwa sura, kwa sababu kila ukija unachungulia kupitia kioo cha mlango, na mimi nakuwa nimejifunika mpaka machoni. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo ya pamba kwenye shirika moja la umma, hadi tulipopunguzwa watu tisini kwa mkupuo mmoja na kuagwa kwa soda na hotuba ndefu kidogo kuliko soda. Sikulalamika. Niliambiwa uchumi umefunguliwa milango, nami nikaingia kwenye mlango wa kwanza niliouona. Ulikuwa wa jokofu.

Leo nimeona nilalamike, ila kwa adabu, maana jambo lenyewe linahusu posa.

Nina mchumba, Ndugu Meneja. Anaitwa Prudencia, mwalimu wa shule ya msingi kwao Kamachumu, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, tuliyefahamiana naye alipokuwa anasomea ualimu hapa Mwanza, chuo cha Butimba. Krismasi iliyopita nilimtuma mshenga kwa baba yake, Mzee Florian Kahigwa, mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa kanisani na mwenye msimamo. Mzee alimpokea mshenga vizuri, akamlisha, akamwambia arudi kahawa ikishavunwa. Mpaka hapo mambo yalikuwa yananyooka.

Kisha likaja jambo la picha. Utakumbuka mwezi wa tatu alipokuja yule mkaguzi kutoka Ulaya na kamera yake inayotoa picha papo hapo. Alinipiga moja nikiwa ndani: koti zito, kofia ya masikio, nyusi zimeganda nyeupe pe, nyuma yangu katoni zenye maandishi ya kigeni na barafu inaning'inia. Nikaipenda. Pasaka nikampa Getruda, mama anayeleta ndizi kwa meli kutoka Bukoba, ampelekee Prudencia. Nyuma ya picha niliandika hivi: Hapa nilipo ni baridi kali, usiku na mchana ni sawa, nakukumbuka sana. Hakuna neno la uongo hapo. Ungeweza kuliapia kila moja.

Basi picha ikatundikwa ukutani sebuleni kwa Mzee Kahigwa, na Kamachumu nzima ikakubaliana kwamba kijana wa Mwanza kumbe ameshaondoka, yuko Ulaya. Katekista, ambaye amewahi kuona kalenda ya huko, alithibitisha. Tangu siku hiyo kahawa imevunwa, imeanikwa, imeuzwa, na Mzee hajatoa jibu. Jumapili hii Getruda kaniletea ujumbe wa mdomo: Prudencia amemweleza baba yake mara tatu kwamba mimi nipo Mwanza, Mzee hakubali hata kidogo, na Jumamosi atafika kwa meli ahakikishe kwa macho yake.

Nimetafakari sana ujumbe huo. Baba anayekataa kuamini kwamba mkwe yuko Mwanza ni baba anayetamani mkwe awe Ulaya. Sioni maana nyingine. Nikimwambia ukweli namkosa Prudencia. Nikimdanganya namkosea Mungu. Njia iliyobaki ni moja tu, kwamba ukweli wenyewe urekebishwe na mamlaka husika, yaani wewe. Hoja zangu ni hizi:

1. Hali ya hewa. Kipimo cha mlangoni kinasoma nyuzi ishirini chini ya sifuri. Hapa Mwanza hakuna mahali pengine penye hali hiyo, hata ukapanda juu ya jabali gani. Sisi baridi tunayoijua ni ya kipupwe, mtu anavaa sweta alfajiri na ikifika saa nne amelifunga kiunoni. Ile ya Namba Mbili ni kitu kingine, na nisikufiche, naichukia. Inaanzia kwenye meno. Dakika ya kumi unawaza uji. Dakika ya ishirini unamchukia kila mtu, pamoja na mama yako mzazi. Dakika ya thelathini unataka kulia na huna sababu. Dakika ya thelathini na tano inakuja raha fulani, na usingizi mtamu, na hapo ndipo mwenzangu Chenge hunitandika kofi la mgongo, kwa kuwa raha hiyo ndiyo inayoua. Yule mkaguzi wa kamera alisimama humo dakika tatu akasema ni kama kwao mwezi wa Januari. Mwenye nyumba akisema hiki ni chumba changu, wewe mpita njia unabisha nini?

2. Mavazi. Koti ninalovaa nililinunua mwenyewe kwenye mitumba, soko la Mlango Mmoja. Mfukoni mwake nilikuta tiketi ya basi la mji nisioweza hata kuutamka, na glavu ya mkono wa kushoto. (Ya kulia sikuikuta, mkono huo huwa navaa soksi.) Kwa hiyo koti limetoka Ulaya, likapita Mwanza kwa siku chache tu za kuuzwa, likaingia tena kwenye baridi yake ya siku zote. Koti halijahisi tofauti yoyote. Ikiwa koti linajiona liko kwao, na mimi nipo ndani ya koti, nitakuwa wapi?

3. Samaki. Sangara anavuliwa hapa hapa, na wavuvi wetu, kwa nyavu zetu. Lakini akishachunwa mnofu na kupita mlango wangu, hakuna mtu wa Mwanza anayeruhusiwa kumgusa. Anasemeshwa kwa lugha ya Ulaya, anapimwa kwa sheria zao, anawekewa tarehe ya kwao. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vinatoka kwa geti la nyuma kwenda kwa kina mama wanaotukaangia. Ni wazi basi kwamba mpaka umepita kwenye kizingiti cha mlango ule: mapanki Tanzania, minofu Ulaya. Mimi kazi yangu iko upande wa minofu. Jioni narudi Tanzania kula mapanki, kama watu wa mipakani wanavyofanya kila siku.

4. Taratibu za kuingia. Uwanja wetu wa ndege hapa Ilemela wanakuuliza jina na mzigo, basi. Kuingia Namba Mbili naosha buti kwenye dawa, naonyesha kucha, naonyesha cheti cha daktari, navua saa, natia sahihi. Wakati wa kutoka napekuliwa mpaka kwenye kofia. Watu waliowahi kusafiri wananiambia Ulaya yenyewe hawasumbui kiasi hicho.

5. Tabia. Hili linaniumiza zaidi. Chenge amenizidi miaka kumi na miwili na lazima nimwamkie. Lakini ndani mule neno shikamoo ni refu mno kwa midomo iliyoganda. Tumekubaliana nimwamkie mlangoni tunapoingia, na yeye aniitikie marahaba tukitoka, dakika arobaini baadaye. Kazini hakuna shida. Shida ni kwamba desturi hiyo imenifuata mpaka Mirongo ninakopanga. Juzi mama mwenye nyumba aliniuliza habari za asubuhi nikamjibu wakati wa chakula cha jioni. Alisema nimekuwa kama Mzungu, na alisema kwa kununa. Pia siku hizi nikikutana na mtu jambo la kwanza ninalozungumzia ni hali ya hewa, kabla hata ya kuuliza watoto. Nilikuwa nadhani hiyo ni tabia mbaya ya watu wa huko. Sasa nawaelewa, masikini.

6. Uzoefu. Mtu wa Ulaya anapata majira ya baridi mara moja kwa mwaka, tena akiwa na nyumba yenye moto. Mimi naingia dakika arobaini, natoka dakika ishirini kuota jua kwenye jabali nyuma ya ukuta pamoja na mijusi, narudi tena. Mara nane kwa siku baridi inaanza na kuisha. Kwa miaka miwili na miezi minane nimemaliza majira ya baridi zaidi ya elfu sita. Mzungu wa miaka themanini amemaliza themanini. Kwa hesabu hiyo sistahili tu kuhesabiwa kwamba nipo Ulaya, nastahili kuhesabiwa miongoni mwa wazee wao, na wakinipita njiani wanisalimie wao kwanza.

Kutokana na hoja hizo naomba mambo yafuatayo, ambayo hayatakigharimu kiwanda kitu chochote isipokuwa wino.

Kwanza, cheti chenye muhuri kinachosema kwamba Nestory Shimba anafanya kazi Ulaya, Chumba Namba Mbili. Pili, Jumamosi Mzee atakapofika getini, mlinzi Venant amwombe pasipoti. Akisema hana, amruhusu apite kwa heshima ya umri wake, lakini awe ameombwa. Tatu, saa ya ukutani mle ndani irudishwe nyuma saa mbili. Sidai bendera.

Usidhani mimi ni mtu wa makuu, Ndugu Meneja. Ningekuwa peke yangu ningeendelea kupaka mafuta ya mgando usoni, kutandika magazeti ndani ya buti, kunywa uji wa tangawizi na kunyamaza, kama tunavyofanya sote. Lakini nampenda huyu binti. Nikiwa ndani mule, dakika ile ya thelathini ambapo watu wanataka kulia, mimi huwa namfikiria yeye anaandika ubaoni na jua linaingia dirishani kwake, na nafika dakika ya arobaini. Sijui ningefikaje bila yeye.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, karani wa mishahara, kina mama wa kuchuna minofu, na Venant pale getini. Chenge naye anakusalimu, salamu zake zitakufikia tukitoka nje.

Ni mimi mtumishi wako, kwa pande zote mbili za mlango,

Nestory Shimba

NYONGEZA, Jumapili tarehe 13. Barua hii sikuwahi kuikabidhi kwa kuwa ulikuwa umesafiri, na afadhali. Naomba uisome kuanzia hapa na huko juu usahau.

Mzee Kahigwa hakungoja Jumamosi. Alifika Ijumaa mchana, akanikuta kwenye jabali nimevua buti naota jua. Nilimwamkia shikamoo nzima. Aliniangalia, akatoa ile picha kwenye koti lake, akauliza kama ni hapa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini mbele ya uso ule nikasema ndiyo mzee, ni hapa, ni jokofu la samaki. Akakaa chini kwenye jabali kama mtu aliyetuliwa mkungu kichwani.

Kumbe Prudencia ana dada, Bernadetta, aliyeolewa na msomi akapelekwa Ulaya. Mwaka huu ni wa kumi na moja. Mzee ana wajukuu watatu anaowajua kwa kadi za Krismasi, wote wamesimama kwenye theluji, na hakuna hata mmoja anayejua kumwamkia. Alikuwa ameapa kwamba binti wa pili hatakwenda kwenye weupe ule. Alipoiona picha yangu, akaona na huyu anakuja kumchukua, na Prudencia alipokana akajua anamficha. Ndiyo maana kimya. Alipanda meli aje kunikatalia ana kwa ana, kiungwana.

Akaomba aingie. Venant alimpa koti lake la lindo, Chenge akampa kofia. Alisimama katikati ya katoni, akagusa ukuta kwa kiganja na kukiacha pale. Alipotoka alisema sasa ameona mwanawe anakaa wapi. Akatuuliza, mimi na Chenge, miguu tunailindaje, na vidole, na mtoto mdogo anafanywaje asiumie. Tukamweleza habari za magazeti, mafuta na uji wa tangawizi, na ile raha ya dakika ya thelathini na tano kwamba asiiamini. Aliandika yote kwenye karatasi, polepole, ampelekee Bernadetta, maana miaka kumi na moja, alisema, hajawahi kumwandikia kitu cha kumsaidia.

Posa imekubaliwa, kwa sharti moja. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba cheti kisomeke hivi: kwamba Chumba cha Baridi Namba Mbili kipo Ilemela, Mwanza, Tanzania, kwamba ni jokofu tu, tena si kali sana, na kwamba Nestory Shimba hajawahi kwenda Ulaya, hana mpango wa kwenda, na hata akipelekwa atarudi. Mzee anaondoka na meli ya Jumanne, na amesema hatapanda bila karatasi hiyo mkononi.