Bisi Mia Mbili na Cherehani ya Christella

Jumatatu, 23 Juni
Nimeanza! Nimekodi mashine ya bisi kwa Mutsinzi, pamoja na kibaraza chake karibu na soko la Kimironko. Faranga 60,000 kwa wiki, kulipa Jumamosi. Alitaka dhamana. Nikaweka cherehani ya mke wangu Christella. Itabaki nyumbani, nikishindwa kulipa, ataichukua. Kushindwa! Mimi?

Christella alisita. Cherehani ile aliachiwa na marehemu mama yake, akaja nayo kutoka Bujumbura. Nikamtuliza kwa hesabu. Mfuko mmoja wa bisi unanigharimu 200: mahindi, mafuta, chumvi, karatasi, umeme. Nauza 500. Tuseme x ni idadi ya mifuko.

500x = 200x + 60,000
300x = 60,000
x = 200

Mifuko mia mbili, gharama zote zimerudi. Baada ya hapo ni faida.

Akaniuliza, "Baba Alida, na huyo x asipokuja?"

Nilicheka sana. Maskini.

Jumatano, 25 Juni
X anakuja polepole. Mifuko sabini tu tangu nianze.

Kisa ni Ndihokubwayo. Tumekua naye mtaa mmoja Bujumbura, na tangu utotoni hawezi kuona nimeshika kitu. Anauza karanga za kukaanga upande wa pili wa barabara. Leo asubuhi ameshusha bei kutoka 300 hadi 200. Akapunga mkono. Akatabasamu! Wateja wangu wakavuka barabara mmoja mmoja, kama kuku waliomwagiwa mtama.

Nimeapa.

Alhamisi, 26 Juni
Bisi 200! Nimeandika kwa makaa kwenye boksi, herufi kubwa. Foleni imefika kwa wauza ndizi. Hata wenye pikipiki wamenunua. Ndihokubwayo alikaa na karanga zake akinitazama. Nilimpelekea mfuko mmoja wa bure, kwa huruma.

Ijumaa, 27 Juni
Mikono inauma kwa kufunga karatasi. Nimevuka mia mbili! Nimefika 280!

Nilimkuta Christella akishona nguo za kwaya ya parokia, zinatakiwa Jumapili. Nikamwambia x amekuja, tena na ndugu zake. Alicheka, akasema basi alikosea kunitilia shaka. Akaniwekea kipande kikubwa cha samaki.

Jumamosi, 28 Juni
Asubuhi umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, maduka yamefungwa, tumezibua mfereji. Mchana Mutsinzi akaja nyumbani kuchukua pesa yake.

Nilihesabu mbele yake. 21,000. Nikahesabu tena. Nikatafuta mfuko wa pili wa suruali. Nilimwomba angoje niuze Jumapili. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba makubaliano ni makubaliano.

 Christella alitoa kwanza nguo iliyokuwa chini ya sindano, akakata uzi, akafuta vumbi la cherehani kwa kanga yake. Halafu akamshikia Mutsinzi mlango, naye akatoka nayo. Heri angenitukana.

Jumapili, 29 Juni
Sikwenda misa. Nimekaa na kalamu.

Mfuko unanigharimu 200. Kuanzia Alhamisi niliuza 200.

200x = 200x + 60,000

Nikatoa 200x pande zote, kama kawaida. X akaondoka. Akaondoka kabisa!

0 = 60,000

Nimeirudia. Ni hivyo hivyo. Ningeuza bisi kwa Kigali nzima, na Bujumbura wakaja kwa mabasi, nisingepata hata faranga moja juu ya gharama. Ile 21,000 ni ya mifuko sabini ya mwanzo. Dakika mbili za kalamu siku ile ya Alhamisi zingetosha. Lakini nilikuwa nikimtazama Ndihokubwayo.

Yeye nilimkuta jioni. Nikamuuliza anaishije kwa bei ile. Akashangaa. Alisema hakushusha kitu; alipunguza tu ukubwa wa karatasi ya kufungia. Karanga chache, bei ndogo. Akaniuliza kama Christella hajambo. 

Nasikia mama mmoja wa kwaya ameimba leo akiwa na nguo isiyo na mikono. Amejifunika kitenge.

Jumatatu, 30 Juni
Sijalala vizuri. Namwonea huruma mke wangu, na naona aibu. Lazima nimrudishie cherehani yake.

Kwa hiyo leo nimepanda hadi mtaa wa Gatsata. Kuna kijana anaitwa Cyusa, anakodisha mashine ya kukamua miwa. 80,000 kwa wiki. Glasi inanigharimu 200, nitauza 400. X ni 400. Hesabu safi! Na safari hii nimejifunza: bei sishushi hata wakinipiga. Wateja nitawavuta kwa njia nyingine. Anayenunua glasi moja, ya pili nampa bure.

Cyusa ametaka dhamana. Nimemtajia kitanda. Christella amekikalia sasa hivi, anashona kwa mkono. Nitamwambia akimaliza upindo.