Nywele Zangu za Kisogoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama mwenye nyumba amepita saluni leo. Amesimama mlangoni, akatazama benchi la wateja. Mtu mmoja tu, mwalimu mkuu mstaafu, naye alikuwa amelala. Mama yule akasema mwisho wa mwezi ataamua: chumba kibaki kwangu, au ampe Masikio wa ng'ambo ya barabara anayetaka kupanua saluni yake. Eti chumba kinataka watu, mzee wangu, hakitaki historia.

Historia! Miaka arobaini na moja nanyoa. Huyo Masikio nimemfundisha mimi kushika wembe. Alikuja hajui kichwa kinaanzia wapi. Leo ana vioo ukuta mzima, ana nywele kama zulia, na wateja wangu anawauliza watamwaminije mpishi aliyekonda. Anakisema kipara changu. Wanacheka, kisha wanakaa kwake.

Nimepata dawa. Mjini kuna daktari anayepandikiza nywele. Kichwa changu ndicho kitakuwa kibao cha saluni. Mke wangu hajui. Akijua yeye, mtaa umejua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeuza kiti cha kunyolea cha pili ili nimlipe daktari. Kilikuwa kinakaliwa na paka tu. Dalali hakusema mnunuzi ni nani, nami sikuuliza. Nina mambo makubwa.

Daktari ni kijana, ndevu zake bado zinashauriana. Amepima damu, amepima presha, amekataza sigara. Nimevuta mbili tu, nje, kutuliza hiyo presha yao. Akauliza natarajia nini. Nikamwambia nywele, mwanangu, au hapa mnauza viazi? Akasema baba, sikiliza vizuri: wiki chache zijazo zitadondoka, usishtuke, baada ya miezi mitatu minne zitaanza kuota upya, mwaka mzima ndio kamili. Nimetikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Hizo ni habari za vichwa vya wengine.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimemuaga mke wangu kwamba naenda msibani.

Saa saba nzima kitandani kwa daktari. Kwanza nesi amenyoa kisogo. Amenyoa vibaya. Nilitaka kumwonyesha mashine inavyoshikwa, akaniomba nilale kifudifudi ninyamaze. Sindano za ganzi ni nyigu ishirini, halafu husikii kitu. Wakawa wanang'oa nywele za kisogoni moja moja na mizizi yake, wanaweka kwenye kisahani. Nikauliza zile mpya ziko wapi. Daktari akauliza zipi, baba? Ni hizihizi zako, zinahama nyuma kwenda mbele.

Yaani nimeuza kiti ili nihamishiwe mali yangu mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Paji la uso limevimba mpaka machoni. Mke wangu ameuliza huko msibani walikuwa wanazika au wanapigana. Nikakiri. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amekaa ukingoni mwa kitanda, akasema kichwa hiki nimekipaka mafuta miaka thelathini, mzee, sikuwahi kulalamika, na hukuniuliza hata neno.

Kisha ameleta mto wa pili, maana karatasi ya daktari inataka nilale kichwa juu. Akanisomea yote. Nisikune. Nisiiname. Nisivae kofia ya kubana. Nimevaa yangu, inabana kidogo tu.

Saluni imefungwa mpaka uvimbe ushuke. Siwezi kuonekana hivi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Vigaga vimekauka. Nimejitazama kwa vioo viwili. Aibu gani hii. Mstari wa mbele umepinda, kama ng'ombe wamepita shambani.

Nimempigia daktari. Akasema ameupinda makusudi, nywele za kuzaliwa hazianzi kwenye mstari ulionyooka, ukinyooka ni za bandia. Akasema kazi hii ameisomea miaka sita. Nikamwambia mimi arobaini na moja, nikakata simu.

Rula, kibano, wembe. Zilizotoka nje ya mstari nimezing'oa. Upande wa kushoto ukawa juu, ikabidi nishushe wa kulia usawa wake. Yaani nipandishe. Kulia ukapita, nikarudi kushoto. Damu kidogo. Saluni ibaki imefungwa mpaka vidonda vipone. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wahenga hawakuwa na vioo viwili.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Zinadondoka. Kwenye mto, kwenye sabuni, kwenye chai. Nimezifunga kwenye karatasi nikampelekea daktari kama ushahidi. Akasema ndizo nilizokuambia, mizizi imebaki ndani, zitarudi. Akawasha taa, akatazama mbele. Akauliza hapa amepita nani.

Nimesema upepo.

Akasema hapa mizizi haipo tena, baba, na kisogoni hakuna ya kukopa.

Daktari wa ovyo.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Mwenye nyumba amempa Masikio chumba. Eti wiki tatu amepita mlango umefungwa, na hata mwalimu mkuu sasa analala kwenye benchi la Masikio. Masikio mwenyewe alikuja na mama huyo, mikono nyuma, adabu tele. Akasema mwalimu wangu, kiti chako kipo dirishani, wazee wanakuulizia, njoo tufanye kazi. Nikaenda kukitazama. Kilikuwa kiti changu cha pili. Alama ya sigara yangu bado ipo kwenye mkono wa kiti.

Nimemwambia sifanyi kazi chini ya mwanafunzi. Aliinamisha kichwa, nikaona nywele zake zote.

Tumebeba benchi langu mpaka nyumbani, mke wangu upande mmoja, mimi upande mwingine.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Benchi liko barazani kwangu. Kibao nimeandika mwenyewe: MTAALAMU WA KUPANDIKIZA NYWELE, USHAURI HAPA. Mke wangu amekisoma mara mbili, akaingia ndani.

Saa nne akaja fundi viatu. Kipara kitupu, na wiki ijayo ana miadi kwa daktari yuleyule. Anaogopa. Ameuliza atarajie nini. Nimemweleza nyigu, uvimbe, mto wa pili, mpaka akatoa daftari akaandika. Nimemwambia kosa langu lilikuwa moja tu: niliacha daktari aanze, ndipo nikarekebisha. Mstari uchorwe kabla.

Nikamkalisha. Tumevuta uzi wake wa kushonea viatu kutoka sikio hadi sikio, nikachora kwa wino usiofutika. Umenyooka, ungeweza kuanikia nguo. Nimemwonya asikubali ufutwe hata daktari akilia.

Amenishukuru sana. Ana kaka wawili, nao vipara. Kesho anawaleta.