Kona ya Wasioamua

Alhamisi, 23 Januari

Baridi ya kukata masikio. Zimebaki siku kumi na moja kata yetu ikutane kumchagua mtu wa kugombea urais kwa chama chetu, na mimi bado sijaamua. Kwa makusudi! Hapa Iowa, jimbo la Marekani linaloanza kuchagua, ukishaamua umekwisha: hupigiwi simu, hutembelewi, huletewi hata kalenda. Asiyeamua ndiye mfalme. Gaylen Boelman, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, amebandika kwenye friji picha zake na wagombea saba. Saba! Mimi ninayo moja, na humo nimefumba macho. Shabaha yangu: mgombea mmoja, yeyote, aje kula jikoni kwangu. Gaylen aone gari likiingia uani.

Mke wangu Marlys aliamua tangu Agosti. Ndiye kiongozi wa watu wa Seneta Tolliver, mmoja wa wagombea, hapa katani. Kila jioni anagonga milango kwenye theluji na lile goti lake bovu. Leo kaniuliza kama aniandike kwenye orodha yao. Nikamwambia asinikimbize, huyo seneta nimemwona mara mbili tu. Akasema yeye nilimwona mara nne nikamuoa.

Jumamosi, 25 Januari

Gavana Rusk, naye mgombea, amenipigia simu! Mwenyewe! Nilikuwa bandani kwa nguruwe. Akasema anajua wakulima tunavyohangaika. Nikamweleza bei ya mahindi, bomba lililoganda, tabia za Gaylen. Hakunikatiza hata mara moja. Kiongozi msikivu namna hii sijapata kumwona. Nikamkaribisha chakula. Akaniambia kama namuunga mkono nibonyeze moja.

Marlys alicheka mpaka akakalia ndoo. Kumbe ni sauti ya kurekodi. Hata hivyo, ni sauti nzuri sana.

Jumatatu, 27 Januari

Seneta Tolliver maktabani. Nilikwenda na swali la mtego, nimelinoa siku tatu, kuhusu mafuta yanayotengenezwa kwa mahindi. Gaylen kaketi mbele kabisa, na beji ya mgombea mwingine, Jenerali Keddy, kifuani, mtu asiye na haya! Nikalirusha swali. Seneta akafungua daftari. Kisha akasema, "Mzee, hilo silijui vya kutosha. Nikikujibu sasa hivi nitakuwa nakudanganya." Akaandika jina langu kwenye daftari.

Miaka arobaini nasikiliza wanasiasa. Hakuna aliyewahi kuniambia hajui. Nilirudi nyumbani kimya. Marlys akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 29 Januari

Simu. Sauti ya Tolliver. Safari hii sidanganyiki! Sikusema neno, nikabonyeza moja. Nikabonyeza tena. Akauliza kitu gani kinalia sikioni mwake.

Ni yeye! Mwenyewe, mzima! Amelitafuta jibu. Akanieleza dakika sita, na mahali ambapo mimi nimekosea akanionyesha bila kunidharau. Huyu ndiye rais wangu, nasema wazi.

Nasema wazi humu tu. Kuja kula hataweza, ratiba imejaa. Na watu wa Gavana wameahidi kwamba Jumapili huenda akapita kwa mpiga kura mmoja asiyeamua. Kwa hiyo sijaamua.

Jumapili, 2 Februari

Nimepika sufuria nzima ya maharagwe kwa nyama, na mikate ya mdalasini juu. Gavana hakuja. Theluji, wamesema. Aliyekuja ni Gaylen, akala bakuli tatu. Akaniuliza, "Kwani jirani, ulikuwa unamngoja nani na kitambaa cha mezani?"

Jumatatu, 3 Februari

Nitaandika yote, ijapokuwa inauma.

Ukumbi wa mazoezi wa shule, saa moja jioni. Watu sitini. Hapa hatutumbukizi karatasi sandukuni. Unasimama kwenye kona ya mtu wako, jirani zako wakikuona, na unahesabiwa pale miguu yako ilipo. Kundi lisilofika tisa halihesabiwi, watu wake wahamie kwingine. Rusk, arobaini na sita. Keddy, watano, Gaylen akiwemo. Tolliver, wanane. Wanane! Na kwenye kona ya wasioamua, mimi peke yangu.

Nikajua Marlys atakuja kunibembeleza. Nilitaka kubembelezwa kidogo tu, mbele ya watu. Akaja akichechemea. Akasema, "Lyle, nimegonga milango mia moja arobaini. Wako sigongi. Mimi naishi humo." Akarudi konani kwake, kichwa juu.

Mwanamke gani huyu! Nikaomba dakika mbili za kuzungumza. Bibi Phyllis, mwenyekiti wa kata, akanipa, filimbi mkononi.

Nikasema yote. Maktaba, daftari, dakika sita za simu. Nikasema mtu anayethubutu kusema hajui, kisha akaenda kujua, huyo mkabidhi nchi ulale. Nikasema na habari za goti la Marlys. Watu wanne wa Keddy walikuwa wameshahamia kwa Rusk. Gaylen akavua beji, akafuta macho kwa kofia, akavuka uwanja mzima mpaka kwa Marlys. Wa tisa! Makofi! Mimi nikainama kushukuru, nikainama tena.

Filimbi ikalia. Bibi Phyllis akahesabu. Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa pale pale. Wasioamua: mmoja.

Jumanne, 4 Februari

Marlys kachaguliwa mjumbe wa kwenda mkutano wa wilaya. Naibu wake ni Gaylen. Gazeti la mji limeandika kwamba Gaylen Boelman ndiye aliyemwokoa Tolliver. Kweli alivuka vizuri, siwezi kumnyima hilo.

Marlys hakugomba. Aliuliza tu, taratibu, kwa nini sikutembea. Nikamweleza kwamba hotuba ilikuwa inaendelea vizuri.

Halafu akaniambia watu wanamtaka agombee bodi ya shule, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Akauliza kama kura yangu ataipata. Moyo ulinijaa. Wilaya nzima hakuna anayemfikia! Nikamjibu kwamba bado natafakari, na ningependa kwanza kumsikiliza mpinzani wake.